Uti wa mgongo wa miruko minne: kisa cha mtandao wa Mufindi uliolala kila jioni

Mkongo wa taifa wa intaneti unafuata barabara kuu ya kwenda Tunduma, na Mafinga iko juu ya barabara hiyo, kama kilomita 80 kutoka Iringa mjini. Anayekaa Mafinga anaweza kuletewa intaneti ya waya mpaka mlangoni. Anayekaa kilomita 40 ndani, kule chai inakoishia na ardhi inakoanza kuporomoka kuelekea bonde la Kilombero, anategemea simu inayoshika mtandao akisimama kwenye kona fulani ya uwanja. Kisa hiki kinahusu mtandao uliojengwa kuziba pengo hilo: kompyuta tano za Linux zinazopokezana data kwa redio, miruko minne (mruko ni safari moja ya redio kutoka kituo kimoja hadi kinachofuata), mwisho wake kituo cha afya. Majina ya shule, kiwanda na vijiji nayaacha.

Mafundi waliojenga waliviita vituo vyao kwa majina mepesi, nami nayafuata. Mjini ni ofisi ya Mafinga yenye intaneti. Kutoka hapo mruko wa kwanza wa kilomita 14 unafika Kilimani, shule ya sekondari iliyo juu ya mgongo wa kilima. Mruko wa pili, kilomita 9, unatua kwenye paa la kiwanda cha chai, Kiwandani. Wa tatu ni kilomita 11 hadi sekondari ya pili, Shuleni. Wa mwisho ni kilomita 6 tu, hadi Kituoni. Ukivichora kwenye ramani vinapata mstari karibu ulionyooka, na jambo hilo lina uzito kuliko linavyoonekana.

Malalamiko yalikuwa yaleyale kwa muda mrefu: asubuhi mtandao upo, jioni haupo. Mganga wa kituo alieleza vizuri kuliko wote. Asubuhi anafungua DHIS2, mfumo wa kompyuta wa taarifa za afya, anaingiza taarifa za MTUHA za mwezi, yaani za huduma za kituo, bila shida. Ikifika saa kumi na moja jioni, walimu wa shule zote mbili wakiwa wametoka madarasani na simu ziko mikononi, hata ukurasa wa kuingilia haufunguki. Uongozi wa mradi ulifanya lile ambalo wengi wetu tungelifanya: uliongeza kifurushi, kutoka Mbps (megabiti kwa sekunde) 5 hadi 10. Bili ya mwezi ikapanda na jioni ikabaki vilevile. Baada ya hapo lawama zikagawanyika. Wapo waliosema mtoa huduma anaiba kasi, wapo waliosema kompyuta zimechoka, na wengi walisema ukungu.

Kilichokuwa kinaua mtandao huu ni hewa yenyewe, kwa maana ya muda wa kuzungumza hewani, ambao vituo vyote vilikuwa vinaugawana bila kujua. Ukilikosa hilo unaweza kununua kompyuta mpya kila mwaka na usisogee hata hatua moja.

Ulivyokuwa umejengwa

Kompyuta zilikuwa za mezani, zilizostaafu ofisini, zikiendeshwa na umeme wa TANESCO kupitia UPS. Ndani ya kila moja kulikuwa na kadi moja ya redio ya masafa ya 5.8 GHz, ya kiwango cha Wi-Fi kiitwacho 802.11a, ambacho kasi yake ya juu hewani ni Mbps 54 na data halisi inayopita ni chini ya nusu ya hapo. Kwenye vituo vya katikati, kadi hiyo moja ilitoa waya hadi kwenye spilita, kifaa kinachogawa mawimbi mara mbili, na spilita ikalisha madishi mawili yaliyogeuziana migongo, moja likitazama nyuma Mafinga, jingine mbele. Kadi zote zilikuwa kwenye chaneli moja, katika hali ya kila mmoja kuzungumza na mwenzake bila mkubwa, na programu ya OLSR ikiamua pakiti, yaani vipande vya data, zipite wapi.

Mpango huu una mvuto wake. Ni wa bei nafuu, una vipande vichache vya kuharibika, na siku ya majaribio ulifanya kazi. Fundi alisimama Kituoni, akapiga ping, yaani kutuma pakiti ndogo na kungoja jibu, hadi Mjini, majibu yakaja safi. Watu wakapiga makofi, na walikuwa na haki ya kufurahi.

Shida ni kwamba ping ya kawaida inapima kitu kidogo mno. Pakiti yake ina baiti chache, na ikipotea hewani kadi huirudia yenyewe mara kadhaa kabla ya kukata tamaa, kwa hiyo mruko mbovu sana bado unaonekana mzima. Ukitaka kujua hali ya mruko tumia iperf3, programu ya kupima kasi, kati ya kompyuta mbili zinazotazamana, peke yake, wakati hakuna mwingine anayetumia mtandao, halafu mruko unaofuata, halafu unaofuata. Ukishamaliza hapo ndipo upime mwanzo hadi mwisho. Ni kazi ya alfajiri, na Mufindi alfajiri ya Julai vidole haviandiki vizuri kwenye kibodi, lakini hakuna njia ya mkato.

Matokeo yalikuwa hivi. Mruko wa pili, wa tatu na wa nne kila mmoja peke yake ulipitisha kati ya Mbps 18 na 20. Mruko wa kwanza, ule wa kutoka Mafinga, ulipitisha kama 9. Kutoka Mjini moja kwa moja hadi Kituoni hazikufika 2.

Namba hizo tatu ndizo kisa chote. Mtu asiyezoea atasema mruko mwembamba zaidi una 9, basi mwisho wa mlolongo tutarajie 9. Mbona 2?

Hewa moja, wasemaji watano

Redio ya Wi-Fi haiwezi kusema na kusikia kwa wakati mmoja. Kompyuta ya Kilimani ikipokea pakiti kutoka Mjini, haiwezi kwa sekunde hiyohiyo kuisukuma mbele Kiwandani, kwa sababu kadi ni moja na chaneli ni moja. Kwa hiyo kila pakiti inakula muda wa hewa mara mbili pale Kilimani: kuingia na kutoka. Kasi imekuwa nusu. Ongeza mruko wa tatu: Kiwandani ikisukuma kwenda Shuleni, dishi lake la nyuma nalo linatangaza, kwa sababu spilita haijui kuchagua, na Kilimani inasikia kelele hiyo na kulazimika kunyamaza. Sasa ni theluthi. Mwaka 2001 watafiti wa MIT walionyesha kwamba mlolongo mrefu wa redio kwenye chaneli moja unaweza, ukipangwa kikamilifu, kutoa robo ya kasi ya mruko mmoja, na kwamba kwa taratibu za kawaida za 802.11 unachopata kinakaribia moja ya saba. Chukua 18, gawanya kwa 7, unapata mbili na nusu. Toa udhaifu wa mruko wa kwanza, na ile 2 haishangazi tena.

Hapo hakuna kilichoharibika. Hakuna waya uliokatika wala mpangilio uliokosewa. Mtandao ulikuwa unatoa kile ambacho fizikia yake inaruhusu, na kuongeza kifurushi Mjini ilikuwa sawa na kupanua mdomo wa faneli.

Kuna jambo la pili linalozidisha hasara. Kadi ya Wi-Fi husikiliza kwanza kabla ya kusema. Lakini Mjini na Kiwandani, vyote viwili vikiitazama Kilimani, vimetenganishwa na mgongo wa kilima na kilomita 23. Havisikiani hata kidogo. Kila kimoja kinasikiliza, kinaona hewa ni tulivu, kinasema, na sauti zao zinagongana kwenye dishi la Kilimani. Asubuhi, watumiaji wakiwa wachache, migongano ni michache. Jioni, Mjini inapojaza video za kushuka na Kiwandani inapopandisha picha na majibu ya kupokea, Kilimani inasikia vurugu. Ndiyo maana mtandao huu haukuwa unapungua kidogo kidogo jinsi watu wanavyoongezeka. Ulikuwa unaanguka ghafla.

Sisi tulioukagua mtandao huu tulijaribu utaratibu wa kuomba ruhusa kabla ya kusema, ule wa RTS na CTS, kwa kuweka kikomo cha baiti 500. Pakiti zilizopotea zilipungua kweli. Kasi nayo ilipungua, kwa sababu kila ombi la ruhusa linasafiri kilomita 14 na jibu linarudi kilomita 14, na maombi hayo hutumwa kwa kasi ya chini. Kwa mruko mrefu dawa hii ina gharama kubwa, nami siipendekezi kama suluhisho la kudumu.

Mruko wa kwanza na miti ya bibi

Huu mruko wa kilomita 14 ulikuwa na magonjwa yake mawili, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndipo wengi wanapokosea kutafsiri dalili.

La kwanza ni muda wa kusubiri. Kila fremu ya Wi-Fi, yaani pakiti ikiwa hewani, ikifika salama, mpokeaji hujibu papo hapo kwamba ameipata. Mtumaji asiposikia jibu kwa muda aliopangiwa, anadhani imepotea na anaituma tena. Muda huo umepangwa kwa nyumba na ofisi. Mawimbi husafiri mita 300 kwa mikrosekunde moja, kwa hiyo kilomita 14 ni mikrosekunde 47 kwenda na nyingine 47 kurudi, wakati kipimo cha msingi cha kusubiri zamu kwenye 5 GHz ni mikrosekunde 9. Mtumaji anakata tamaa jibu likiwa njiani. Fremu imefika, jibu limeondoka, lakini yeye tayari anarudia. Ukitazama kwa amri ya `iw dev wlan0 station dump` utaona namba ya marudio inapanda kwa maelfu wakati nguvu ya mawimbi haijabadilika. Tiba ni mstari mmoja, pande zote mbili:

`iw phy phy0 set distance 14000`

Kituo chenye miruko ya urefu tofauti kwenye kadi moja kinawekewa umbali wa ule mrefu kuliko yote. Baada ya mstari huo mruko wa kwanza ulipanda kutoka 9 hadi kama 14. Bila senti moja. Ningependa kila anayejenga mruko unaozidi kilomita moja au mbili auangalie mpangilio huu kabla ya kupanda mnara.

Ugonjwa wa pili ulihitaji hesabu. Mawimbi ya 5.8 GHz yakisafiri kilomita 14 katika uwazi hupoteza desibeli 131 hivi (desibeli ni kipimo cha kupanda na kushuka kwa nguvu ya mawimbi). Kadi inatoa 20 dBm (desibeli zinazohesabiwa kuanzia miliwati moja), kila dishi linaongeza 27, waya na konekta zinakula kama 2, spilita ya Kilimani inakula 3. Jumlisha na toa, unategemea kupokea karibu na dBm -62. Kompyuta ilikuwa inasoma -75. Desibeli 13 zimepotea, yaani nguvu inayofika ni moja ya ishirini ya ile iliyotarajiwa. Kiasi hicho hakiliwi na konekta iliyolegea kidogo.

Hapo ndipo ule ukungu ulipoingia tena mezani. Watumiaji walikuwa na ushahidi: siku za ukungu mzito na manyunyu, mtandao ulikuwa mbaya zaidi, na vipimo viliwaunga mkono, mruko wa kwanza ulishuka hadi -79. Lakini ukungu kwa masafa haya hauna uzito wowote wa maana. Matone yake ni madogo mno kulinganisha na wimbi lenye urefu wa sentimita tano. Na ukungu mzito kabisa wa eneo hili uko Kiwandani na Shuleni, kwenye chai, ambako miruko haikutikisika. Ukungu ungekuwa mkosaji, ungeanza na ile. Kwa hiyo kuna kitu kwenye njia ya mruko wa kwanza ambacho kinazuia mawimbi siku zote na kinazuia zaidi kikilowa. Kitu hicho ni majani.

Kama kilomita mbili kutoka Kilimani kulikuwa na shamba la milingoti, yaani mikaratusi. Kutoka juu ya mnara, kwa darubini, ungeweza kuapa kwamba Mafinga inaonekana, na kweli ilionekana, juu kidogo ya vilele vya miti. Lakini mawimbi hayasafiri kama uzi. Yanahitaji nafasi yenye umbo la yai refu kuzunguka mstari wa macho. Kwa mruko huu, pale penye miti, nusu kipenyo cha yai hilo ni mita 9 na ushee, na angalau asilimia 60 yake, yaani karibu mita 6, lazima iwe wazi. Ongeza mita moja na nusu ya mgongo wa dunia wenyewe. Macho kupita juu ya vilele hayatoshi.

Tulimfuata mwenye shamba, bibi mmoja anayekaa pale chini.

"Kamwene, bibi."

"Kamwene, wanangu. Mmetoka kwenye ule mnara?"

Tulipomweleza, hakukasirika. Alisema miti ile aliipanda mwaka mmoja kabla ya mnara kusimama, na akatuonyesha kwa mkono ilivyokuwa siku mafundi walipokuja kupima: ilimfika kiunoni. "Hii ni ada ya mjukuu wangu," alisema. "Mtandao wenu si uko hewani? Upitisheni juu."

Alikuwa sahihi kwa kila neno. Huku mlingoti ni akiba ya benki. Nguzo za umeme zinavunwa huku, na mtu anayeomba miti ikatwe kwa ajili ya mawimbi anaomba akiba ya mtu. Tena kukata kusingesaidia. Mlingoti ukikatwa kisiki chake huchipua, na machipukizi yanakimbia kuliko mche wa kwanza kwa sababu mizizi iko tayari. Msonobari hauchipui, lakini na wenyewe hupandwa upya. Siku ya upimaji njia ilikuwa wazi kabisa, na mafundi walipima sawasawa. Kilichokosekana kwenye daftari la upimaji ni swali moja: kwenye mstari huu kimepandwa nini, na miaka mitano ijayo kitakuwa na urefu gani? Katika wilaya inayoishi kwa miti, swali hilo lina uzito kuliko ramani ya miinuko.

Kuongeza mnara kwa mita 12 kungenyanyua njia kwa mita 10 hivi pale penye miti. Milingoti inaongeza mita mbili, tatu kwa mwaka. Hesabu hiyo kila mtu anaiona inakoelekea. Badala yake tulihamisha kituo chenyewe hadi bega jingine la kilima hichohicho, mita 200 kando, ambako mstari wa kwenda Mafinga unakatiza juu ya bonde la vinyungu, yaani bustani za bondeni zenye unyevu. Wenyeji hawaruhusu milingoti karibu na maji, kwani inakausha bonde, kwa hiyo kwenye kinyungu utakuta mahindi, maharage na mboga. Na upande wa mbele, kuelekea Kiwandani, mstari unapita juu ya chai, ambayo huchumwa ikiwa usawa wa kiuno na haibadilishwi kirahisi kuwa msitu. Baada ya kuhama, mruko wa kwanza ulisoma -61.

Mita 200 zilileta swali la waya, kwa kuwa kebo ya mtandao ya shaba mwisho wake ni mita 100. Tulilaza faiba ndani ya bomba la plastiki kutoka kituo kipya hadi chumba cha kompyuta cha shule. Faiba haipitishi radi, na kwa mnara uliosimama peke yake kilimani hilo peke yake linatosha kuihalalisha gharama.

Kadi mbili, na njia za kuandikwa kwa mkono

Tiba ya ile hewa moja ni kuacha kuwa na hewa moja. Kila kituo cha katikati kilipata kadi ya pili, spilita zikatolewa na desibeli zake 3 zikarudi, na kila dishi likawa na kadi yake. Mruko wa kwanza chaneli ya 149, wa pili 161, wa tatu tukarudi 149, wa nne 157. Mruko wa kwanza na wa tatu zinatumia chaneli moja bila kugombana, kwa sababu mgongo wa kilima umesimama kati yao na madishi hayatazamani.

Chaneli mbili tofauti kwenye nguzo moja bado zinaweza kusumbuana. Kadi inayotuma iko sentimita chache kutoka kadi inayojaribu kusikia mnong'ono wa kilomita 14, na uvujaji wa chaneli ya jirani unatosha kuizima. Kipimo chake ni rahisi: endesha iperf3 kwenye mruko mmoja, andika namba, endesha kwenye mwingine, andika, kisha endesha yote miwili kwa pamoja. Namba zikishuka, zinavuja. Kiwandani zilishuka sana. Tuliyatenganisha madishi wima kwa mita mbili, tukalaza moja ili mawimbi yake yatoke kwa ulalo wakati ya jingine yanatoka kwa wima, tukafanya vilevile kwenye dishi linalolitazama kule mbali, na tukapunguza nguvu ya kutuma. Hili la mwisho linawashangaza wengi. Kadi mojawapo ilikuwa imewekewa msimbo wa nchi ya mbali ili ikubali nguvu kubwa zaidi. Mbali na kwamba masafa haya yana ukomo unaosimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kadi nyingi zikisukumwa mwisho wa uwezo wake hupotosha mawimbi, na kasi za juu ndizo zinazokufa kwanza. Tuliirudisha TZ, tukashusha nguvu, na kasi ikapanda.

Kisha OLSR. Kilimani, Kiwandani na Shuleni viko karibu kwenye mstari mmoja, kwa hiyo dishi la Kilimani lilikuwa linaisikia Shuleni moja kwa moja, kilomita 20, kwa shida. Programu ilikuwa imepangwa kuhesabu miruko tu. Kwake, mruko mmoja dhaifu ni bora kuliko miwili imara, na mara kwa mara iliiruka Kiwandani. Kipimo bora ni kile kinachohesabu ni mara ngapi pakiti itabidi itumwe hadi ifike. Mruko unaofikisha asilimia 60 kila upande una gharama ya 1 gawanya kwa 0.36, yaani 2.8. Miruko miwili ya asilimia 95 ina gharama ya 1.1 kila mmoja, jumla 2.2. Njia ndefu inashinda. Lakini hata kipimo hiki kina upofu: salamu zinazotumika kupima mruko hutumwa kwa kasi ya chini kabisa, ambayo hufika mahali data ya kawaida haifiki, hivyo mruko mbovu unaonekana na afya kuliko ulivyo.

Msimamo wangu hapa ni mkali kidogo, na najua wapenzi wa meshi, mitandao ambayo kila kituo hujitafutia njia, hawataupenda. Mlolongo ulionyooka hauhitaji itifaki (programu kama OLSR) ya kutafuta njia. Njia ni moja. Mruko ukikatika hakuna pa kuzungukia, na itifaki inachoongeza ni uwezekano wa kukosea. Tuliiondoa OLSR, tukaandika njia kwa mkono kwenye kila kompyuta, mistari michache inayosomeka na fundi yeyote. Kila mruko ukawa mtandao wake mdogo wenye anwani zake, ili mtu akipiga mtr, programu inayoonyesha kila kituo njiani, aone mara moja pakiti zimekwama wapi.

Upande wa umeme nitakuwa mfupi. Kompyuta ya mezani inakula kama wati 80 usiku na mchana. Bodi ndogo yenye kadi mbili iliyochukua nafasi yake inakula kama 10, inakubali umeme wa moja kwa moja kutoka betri ya volti 12 bila inveta, na haina feni. Wati 10 kwa saa 24 ni saa-ampia 20 za betri. Betri ya 120 inabeba siku tatu za mawingu bila kushuka chini ya nusu. Diski ilifungwa isiandikwe, ili umeme ukikatika ghafla mfumo usiharibike.

Mwisho hadi mwisho, baada ya yote hayo, vipimo vilitoa Mbps 17. Sehemu nyembamba kuliko zote ikawa kifurushi cha Mbps 10 kule Mjini, mahali ambapo unaweza kuipanga foleni. Kwenye kompyuta ya Mjini tuliweka CAKE, programu ya kupanga foleni ya pakiti ambayo imo ndani ya kerneli (kiini) ya Linux tangu toleo la 4.19 la mwaka 2018, kwa Mbps 9 ili foleni ijengeke pale na si kwa mtoa huduma, na tukaielekeza igawe kwa usawa kwa kila anwani. Kabla ya hapo mwalimu mmoja anayepakua faili kubwa aliweza kuwachelewesha wengine wote kwa sekunde nzima. Sasa fomu za DHIS2 zinapita pembeni ya video.

Kinachobaki ni njia ya pili. Kiwandani pakizimika, Shuleni na Kituoni vinakatika vyote, na kwa kituo cha afya hilo si jambo dogo. Kuna kilima upande wa kusini kinachoonana na Kituoni na pia na Kilimani, na mstari wake wote uko juu ya chai na majani. Siku redio itakapowekwa pale, mlolongo utakuwa duara, njia zitakuwa mbili kweli, na ndipo itifaki itakapokuwa na kazi ya kufanya. Mimi nitachagua Babel, kwa kuwa inazuia pakiti kuzunguka duara wakati njia inabadilika, na baadhi ya matoleo yake yanaweza kuelezwa kwamba miruko miwili ya chaneli moja ni ghali kuliko miwili ya chaneli tofauti. Mashimo ya nguzo yameshachimbwa. Kinachosubiriwa ni ridhaa ya serikali ya kijiji na madishi mawili.